Viza ya wastaafu Thailand: niache njia ya baht 65,000 kwa mwezi? Muda unaisha Novemba

BintiKizingo, 2 Septemba

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Naomba ushauri kwa walioko Thailand au waliowahi kuishi huku kwa viza ya ustaafu. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, nilifanya kazi ya uuguzi Uingereza hadi nikastaafu, na pasipoti niliyo nayo ni ya huko. Nilihamia huku na mume wangu, katika mji mdogo wa pwani. Yeye ametangulia mbele ya haki na amezikwa hapa hapa, makaburi ya msikiti wa mtaani kwetu. Sina nia ya kuondoka. Nalisema hili mapema kwa sababu najua yupo atakayeniambia nirudi nyumbani.

Kila mwaka lazima niombe kuongezewa muda wa kukaa, na mimi hutumia njia ya kipato: baht 65,000 ziingie benki kutoka nje kila mwezi, mwaka mzima bila kuruka. Zamani ubalozi wa Uingereza ulikuwa ukitoa barua ya kuthibitisha kipato, unaipeleka uhamiaji, yameisha. Tangu kuingia 2019 barua hizo hazitolewi tena, na Wamarekani na Waaustralia nao walikatiwa wakati huo huo. Sasa pesa yenyewe ndiyo itoe ushahidi, ionekane kwenye kitabu cha benki na alama ya kwamba imetoka ng'ambo.

Pensheni yangu ina mafungu mawili. Ya uuguzi hupanda kila mwaka kufuata bei za vitu. Ile ya serikali imesimama palepale ilipokuwa nilipohama, kwa kuwa Thailand ni miongoni mwa nchi ambazo Uingereza haimwongezei mstaafu anayeishi huko. Nimechanga sawa na wenzangu tuliokuwa zamu moja, wao yao inapanda, yangu haipandi. Paundi ikishuka, najazia kutoka kwenye akiba ili nifike 65,000.

Mwaka huu baadhi ya miezi pesa ilipitia kampuni ya kutuma fedha, ikaingia na alama ya uhamisho wa ndani ya nchi. Nikaenda uhamiaji mapema kuuliza. Afisa akaweka kidole juu ya mistari hiyo akatikisa kichwa. Nikamwonyesha risiti ya Uingereza, tarehe na kiasi. Akasema kitabu hakisemi hivyo.

Tena si pesa peke yake. Orodha iliyobandikwa ukutani ni moja, anayokupa afisa mkononi ni nyingine. Safari moja wanataka picha nimesimama mlangoni namba ya nyumba ionekane, safari nyingine wanataka na ya sebuleni nimeketi. Ramani ya kwangu niichore kwa mkono. Nakala ya kila ukurasa wa pasipoti, kila moja na sahihi yangu. Barua ya benki iwe ya siku ileile unayokwenda, na benki ikifunguliwa, foleni ya uhamiaji imeshafika barabarani. Nina miaka 71 na magoti yangu ni mabovu. Sijawahi kuchelewa ripoti ya siku 90, ile ya kuwajulisha uhamiaji ninapoishi, sijawahi kuzidisha muda wa kukaa hata siku moja, lakini kila mwaka najieleza upya kama niliyeshuka jana kwenye ndege. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko foleni.

Muda wangu unaisha 20 Novemba. Je, niache njia ya kipato nihamie ile ya kuweka akiba ya baht 800,000 benki? Muda unatosha? Kuna jirani Mjerumani ananisukuma nitumie wakala, asema wao humaliza kila kitu na mimi nikapige picha tu. Naogopa. Nishaurini.

---

Msafirishaji_Mawe

Shikamoo mama. Pole sana kwa kumpoteza baba.

Mimi ni Mtanzania, niko Bangkok kwa biashara ya vito, na Ijumaa mpaka Jumapili mara nyingi niko sokoni Chanthaburi. Viza yangu si ya ustaafu, ila kuna mzee wetu wa Arusha aliyekaa huku kwa viza hiyo, mimi ndiye nilikuwa namsindikiza. Kuhusu wakala naomba uelewe anachofanya. Yupo anayekujazia fomu na kukushikia foleni, huyo hana ubaya. Ila yule anayesema "huhitaji kuwa na pesa" anaingiza pesa za kuazima kwenye akaunti yenye jina lako, unapata muhuri, anazitoa. Karatasi zote zina sahihi yako. Siku wakiamua kukagua, wakala hayumo kwenye faili. Uliyemo ni wewe.

Na wewe pesa unayo, mama. Unalipia udanganyifu wa nini?

---

Kipepeo77

Mimi natumia wakala Pattaya miaka yote, sijaona tatizo. Watu wanatisha bure. Umri huo ukapange foleni ya nini? Lipa, pumzika.

---

MzeeNimman

Kipepeo, wewe hujaona tatizo. Mimi nimewaona waliolipata. Mtu mwenye umri wa Bi Kizingo, ambaye kaburi la mumewe liko nchi hii, hana nafasi ya kubahatisha apigwe marufuku kuingia.

Bi Kizingo, salaam kutoka Chiang Mai. Mimi ni wa Tanga, nimestaafu kutoka Norway, na njia ya 800,000 ndiyo ninayoitumia. Nakueleza inavyokwenda.

Pesa lazima ikae kwenye akaunti yenye jina lako peke yako miezi 2 kamili kabla ya siku unayopeleka maombi. Siku ya maombi, siyo siku muhuri unapoisha. Wewe unaishia 20 Novemba, na unaweza kuomba ndani ya siku 30 za mwisho. Pesa ikitua 12 Septemba, kuanzia 12 Novemba uko tayari, na una wiki moja ya akiba wakikurudisha kwa karatasi iliyopungua. Ikitua baada ya 20 Septemba umechelewa. Kwa hiyo muda unao, ila hauna wiki ya kufikiri. Usiitume siku ya mwisho, uhamisho mkubwa kutoka Uingereza benki hupenda kuusimamisha na kuuliza maswali.

Ukishapata muhuri, 800,000 zinabaki miezi 3 mingine bila kuguswa. Baada ya hapo unaruhusiwa kushuka hadi 400,000, chini ya hapo hapana, kisha unapanda tena miezi 2 kabla ya maombi yajayo. Utaratibu huu ni wa tangu 2019. Mimi sishuki kabisa. Nimeiacha ilale, nimeacha kuhesabu tarehe. Zipo ofisi zinazokuita baada ya ile miezi 3 uonyeshe kitabu. Ikija hivyo, nenda tu.

Umeuliza moyoni kuhusu kuchanganya pia, najua, kila mtu hufikia hapo. Kanuni inaruhusu kipato cha mwaka kikijumlishwa na akiba vifike 800,000. Lakini ofisi nyingi haziipendi njia hiyo, na kwa hicho kitabu chenye alama zenye mgogoro, utaanza ubishi upya.

Faida yenyewe ya kuhama ni hii: hakuna tena wa kukuuliza pesa ya mwezi wa nne imetoka wapi. Afisa anatazama salio na tarehe. Paundi ipande ishuke, haimhusu.

Ada ya uhamiaji ni 1,900. Fomu ni ileile ya kuomba kuongezewa muda, TM.7.

---

WakiliMnarani

Bi Kizingo, sikwambii urudi, umeshasema. Lakini kuna jambo la nyumbani uliweke sawa hata ukibaki huko. Ulichukua uraia wa Uingereza lini? Kama ni kabla ya 27 Agosti 2010, Katiba mpya ilikukuta umeshapoteza uraia wa Kenya, na haukurudi wenyewe. Ibara ya 14(5) inakupa haki ya kuurejesha kwa kuomba, kwa kuwa ulikuwa raia wa kuzaliwa. Si ombi la huruma, ni haki. Usipofanya hivyo, siku ukitaka kukaa Mombasa mwaka mzima utaingia kama mgeni, na utatafuta kibali kama wale wazee Waitaliano wa Malindi ambao lazima waonyeshe kipato cha dola 24,000 kwa mwaka.

Na kwa anayedhani Kenya ingeponya ile pensheni ya serikali: haiponyi. Anayehamia Kenya yake pia husimamishwa. Anayeishi Ufilipino ndiye anayeongezwa.

---

BintiKizingo

Marahaba mwanangu Msafirishaji, na asanteni nyote. Kipepeo, nashukuru, lakini moyo wangu hautalala.

Wakili, niliuchukua miaka ya tisini. Sikujua kwamba haukurudi. Nimeshtuka. Nitalifuatilia.

Mzee Nimman, umenifungua macho kwenye hizo tarehe. Pesa ninayo, ni ya nyumba tuliyouza, iko benki Uingereza. Nilikuwa naiogopa kwa jambo la kodi. Nasikia sasa ukileta pesa nyingi Thailand wanaikata. Na jingine: 800,000 zikilala benki, nami nikifa, nani atazitoa? Watoto wangu wako Birmingham, hawajui hata neno la Kithai.

---

MzeeNimman

Kodi: kilichobadilika ni kwamba tangu 1 Januari 2024, anayekaa huku siku 180 au zaidi kwa mwaka anahesabiwa kodi kwenye kipato cha nje anachokileta. Lakini kipato ulichokipata kabla ya tarehe hiyo hakiguswi na mabadiliko hayo, hata ukikileta leo. Mliuza nyumba lini? Kama ni kabla, omba benki yako ya Uingereza taarifa ya akaunti inayoonyesha salio la 31 Desemba 2023, uihifadhi pamoja na karatasi za mauzo. Tuma kutoka akaunti hiyo hiyo, usiipitishe kwingine ikachanganyika na pensheni. Kuhusu pensheni zenyewe, muulize mtaalamu wa kodi, maana Uingereza na Thailand wana mkataba wa kutotozana mara mbili na mafungu hayatendewi sawa.

Kufa: andika wosia wa Thailand kwa mali za Thailand, utaje msimamizi. Benki hufunga akaunti mpaka mahakama imthibitishe msimamizi, na bila wosia watoto watapata kazi kubwa zaidi. Usimpe mtu kadi na namba ya siri akatoe ukishafariki, watu hushauriana hivyo mitaani na ni kosa linaloweza kumfunga yule uliyemwamini.

---

SomoWaPhuket

Dada Kizingo, mimi ni Mngazija mwenye pasipoti ya Ufaransa, Kiswahili nimekipata Zanzibar. Nakusoma na nakuelewa, hasa hapo pa kujieleza upya kila mwaka. Mama yangu alikuwa akilia kwa jambo hilo Marseille, kila akienda kuomba kibali cha kukaa.

Mawili tu. Ukitaka kusafiri kwenda kuwaona watoto, chukua kwanza kibali cha kuingia tena, fomu TM.8, 1,000 kwa safari moja au 3,800 kwa safari nyingi. Ukitoka bila hicho, muda wote uliopewa unafutika uwanja wa ndege. La pili, pasipoti yako inaisha lini? Hakuna aliyeuliza hapa.

---

BintiKizingo

Mei mwakani, dada.

---

SomoWaPhuket

Basi hilo ndilo la kwanza kabla ya yote. Hawakupi mwaka unaovuka mwisho wa pasipoti. Ukienda Novemba na hiyo, watakupiga muhuri wa mpaka Mei tu, nawe utarudi kufanya kazi yote upya, benki, picha, ramani na 1,900 nyingine.

---

MzeeNimman

Somo amesema kweli, nami nilipitiwa. Bi Kizingo, omba pasipoti mpya wiki hii hii, na pesa itume wiki hii hii, yaende pamoja. Pasipoti ikifika, nenda uhamiaji na zote mbili, ya zamani na mpya, wahamishe mihuri kwanza. Kisha benki, wabadilishe namba ya pasipoti kwenye akaunti, maana barua yao isipolingana na pasipoti mpya utarudishwa. Halafu ndipo TM.7. Ikifika katikati ya Novemba na pasipoti haijaja, usisubiri: omba na ya zamani, upokee huo muda mfupi. Miezi sita halali ni bora kuliko kuzidisha siku, na kuzidisha ni 500 kwa siku.

---

BintiKizingo

Nimeanza maombi ya pasipoti usiku huu, na benki ya Uingereza nitaipigia wakifungua, kwa huku ni alasiri. Nyumba iliuzwa 2021, kwa hiyo taarifa ya Desemba 2023 naiomba kwenye simu hiyo hiyo.

Msafirishaji, kama utakuwa upande huu wa pwani Novemba, nitakuomba unishikie nafasi kwenye foleni wakati mimi niko benki.

---

Msafirishaji_Mawe

Mama, nitumie ujumbe ukishajua siku. Isiwe Ijumaa tu, Ijumaa niko Chanthaburi.