Malalamiko: Tunasomea mawasiliano ya kiweledi, tunasahihishwa kwa vigezo vya insha

Ndugu wanajukwaa,

Nimekaa na jambo hili wiki tatu nikijizuia kuandika kwa hasira. Leo naandika nikiwa bado na hasira, ila angalau nimekwisha kupanga maelezo yangu. Niko mwaka wa pili wa shahada ya uzamili katika mawasiliano ya kiweledi na vyombo vya habari. Ninasoma jioni na mwishoni mwa wiki, kwa sababu mchana niko kazini katika kitengo cha mawasiliano, ambako kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiandika taarifa kwa vyombo vya habari, nikiwaandaa wasemaji kabla ya mahojiano na kupokea simu za waandishi saa ambazo watu wengine wamelala. Chuo sikitaji, wala mhadhiri simtaji, kwa kuwa rufaa yangu iko mezani na sitaki ionekane kwamba nia yangu ni kumchafulia mtu jina.

Lalamiko langu ni moja: programu inajitangaza kuwa ya kiweledi, inawapokea watu walio kazini kwa ahadi hiyo, kisha ukifika wakati wa kupima, inapima insha.

Zoezi lililonifikisha hapa lilikuwa la moduli ya mawasiliano wakati wa majanga. Tulipewa tukio la kubuni: ghala la kemikali limevuja usiku, wafanyakazi wawili wamepelekwa hospitali, harufu kali imefika kwenye makazi ya jirani, na chanzo bado hakijajulikana. Tuliagizwa tuandae taarifa ya kwanza kwa umma, ambayo ingetolewa ndani ya saa moja, pamoja na maelezo yasiyozidi kurasa mbili ya kwa nini tumesema tulichosema na kwa nini tumenyamazia tulichonyamazia. Nilifurahi sana kulisoma agizo lile. Kwa mara ya kwanza tangu nianze masomo haya niliona kazi inayofanana na kazi.

Taarifa yangu ilikuwa na maneno 164. Sentensi ya kwanza ilisema: «Kama unaishi karibu na ghala, ingia ndani, funga milango na madirisha, na uzime feni zinazovuta hewa ya nje mpaka tutakapotoa taarifa nyingine.» Baada ya hapo nilieleza kwamba watu wawili wanatibiwa, kwamba chanzo cha uvujaji hakijathibitishwa, kwamba kuna namba ya simu ya kupigwa na wenye ndugu zao ghalani, na kwamba taarifa ya pili itatoka saa fulani hata kama hakutakuwa na jipya. Katika kurasa zile mbili nilieleza kila uamuzi, ukiwemo uamuzi wa kutoanza na jina la kampuni na kutotoa neno lolote la kujitetea.

Nilipata alama 48 kati ya 100. Maoni ya msahihishaji yalikuwa matatu: «Fupi mno. Nadharia haijajadiliwa vya kutosha. Marejeo ni machache.»

Hapo kwenye nadharia ndipo palipoumiza zaidi. Moduli nzima ilijengwa juu ya nadharia ya Timothy Coombs, mtafiti wa mawasiliano wakati wa majanga, ambaye anafundisha kwamba taasisi ichague namna ya kujibu kulingana na umma unavyoitazama: je, ni mhanga wa tukio, ni ajali, au ni jambo ambalo lingeweza kuzuilika? Kutokana na hilo ndipo yanapokuja maamuzi ya kukanusha, kupunguza uzito wa lawama, au kujenga upya imani kwa kuomba radhi na kulipa fidia. Lakini kabla ya hayo yote Coombs anaweka wajibu wa kwanza, nao ni kuwaambia watu jinsi ya kujikinga, kisha kuwasaidia kuvumilia hofu waliyo nayo. Habari za sifa ya taasisi zinafuata nyuma. Taarifa yangu ilifuata mpangilio huo neno kwa neno, na katika maelezo nilitaja kwamba ndio mpangilio niliouzingatia. Kilichokosekana ni kurasa nne za kumsimulia Coombs yule yule kwa mwalimu aliyenifundisha Coombs.

Tena si kwamba darasani hatukuelewana juu ya hili. Vipindi viwili tulijadili mkasa wa Tylenol, dawa ya kutuliza maumivu, wa mwaka 1982, ambapo watu 7 walikufa katika eneo la Chicago baada ya kumeza vidonge vilivyotiwa sianidi, na kampuni ya Johnson & Johnson ikauonya umma usivitumie na kurudisha takriban chupa milioni 31 kutoka madukani. Mwalimu mwenyewe alisisitiza kwamba usalama wa mtumiaji ulitangulia hesabu ya hasara. Sasa kama hilo ndilo somo, mwanafunzi aliyelishika somo na kulitumia amekosa nini?

Mwenzangu mmoja aliyepata alama ya juu aliniruhusu nisome kazi yake, na ameniruhusu pia niieleze hapa. Ina kurasa tisa, ambazo ya kwanza inafafanua maana ya mawasiliano, ya pili na ya tatu zinamrudia mwananadharia wa mawasiliano Harold Lasswell na swali lake la mwaka 1948 la nani anasema nini, kupitia njia gani, kwa nani na kwa athari gani, na taarifa yenyewe kwa umma inatokea ukurasa wa saba. Inaanza: «Menejimenti inapenda kuufahamisha umma kwamba...» Onyo la kufunga madirisha liko aya ya tatu. Mwenzangu ni mweledi, anafanya kazi redioni, na aliniambia waziwazi kwamba taarifa ya namna ile asingeithubutu kuisoma hewani; aliiandika hivyo kwa sababu alishajua kinachotakiwa. Simlaumu hata kidogo. Ninachokilaumu ni mfumo unaomlipa mtu alama kwa kuandika kitu ambacho mwenyewe anajua kingewachelewesha wakazi waliosimama dirishani wakinusa hewa.

Nilimfuata mwalimu. Alinisikiliza kwa heshima, hilo nalikiri, kisha akasema, «Ndugu, hii ni kazi nzuri ya ofisini, lakini mtahini wa nje atataka kuona usomi.» Nikamwambia, «Mwalimu, agizo lilisema kurasa mbili na saa moja.» Akajibu kwamba agizo lilikuwa la kutuongoza tu. Nilitoka pale nikitetemeka.

Naomba nisieleweke vibaya kwamba naidharau nadharia. Nilijiunga kwa sababu kazini nilikuwa nafanya mambo kwa mazoea na nilitaka kujua kwa nini baadhi yake yanafaulu. Utafiti wa Maxwell McCombs na Donald Shaw, uliochapishwa mwaka 1972, ulinifungua macho: waliwahoji wapiga kura 100 ambao hawakuwa wameamua wamchague nani katika uchaguzi wa rais wa Marekani wa mwaka 1968, wakalinganisha mambo ambayo watu hao waliyaona muhimu na mambo ambayo vyombo vya habari vilikuwa vimeyapa uzito. Ni utafiti ambao darasa letu lingeweza kuurudia kwa kiwango kidogo ndani ya muhula mmoja, tukagawana kazi ya kuchambua habari za wiki kadhaa na kuwahoji wasomaji, tukajifunza kwa mikono yetu ugumu wa kuunda hojaji na kupanga habari katika makundi. Badala yake tuliandika insha ya maneno 3,000 kuhusu utafiti huo. Insha ya pili ilikuwa kuhusu ukosoaji wa utafiti huo huo.

Kuna na hili la mradi. Tulipojiunga, mwongozo wa programu ulisema kwamba mwanafunzi anaweza kumaliza kwa tasnifu au kwa mradi wa kiweledi, kwa mfano mkakati kamili wa mawasiliano wa taasisi halisi, ukiambatana na tathmini ya matokeo yake. Mwanzoni mwa mwaka huu tumepewa taarifa ya mistari miwili kwamba njia ya mradi imesitishwa kwa kukosa wasimamizi. Watu waliokwisha kuzungumza na waajiri wao na kupewa vibali wameachwa hewani.

Rufaa niliyowasilisha haihoji alama. Najua kwamba vyuo vingi havipokei rufaa inayopinga maoni ya kitaaluma ya msahihishaji, ila vinapokea ile inayoonyesha kwamba utaratibu umekiukwa. Kwa hiyo nimeambatisha karatasi mbili tu. Ya kwanza ni ukurasa wa mwongozo wa moduli unaosema kwamba zoezi litapimwa kwa uwazi wa ujumbe kwa walengwa asilimia 40, ubora wa maamuzi asilimia 30, na maelezo ya sababu asilimia 30. Ya pili ni fomu iliyotumika kunisahihisha, yenye vipengele vya utangulizi, mapitio ya maandiko, hoja, hitimisho na marejeo. Vipengele hivyo havikutajwa popote katika mwongozo, na kile cha uwazi wa ujumbe, chenye uzito mkubwa kuliko vyote, hakimo kabisa kwenye fomu.

Kikao cha kamati ni wiki ijayo. Nawaomba wale waliowahi kukata rufaa ya utaratibu katika masomo ya uzamili waniambie kama kamati iliagiza kazi isahihishwe upya na mtu mwingine au ilirudisha suala kwa msahihishaji yule yule, na kama wanafunzi wengine wa darasa walioathirika kwa fomu hiyo hiyo waliruhusiwa kuungana katika shauri moja. Tuko sita tulio tayari kutia saini.