Mrejesho: nimechagua :=

Wakuu, niliwauliza alama ya kutumia kwenye kilugha changu cha programu, mtu anapotaka kuipa thamani jina la muda katikati ya usemi (kipande cha msimbo kinachotoa thamani): `=`, `as` au `:=`.

`=` nimeitupa. Niliandika `if (x = 0)` (kuipa x thamani) nikikusudia `==` (kulinganisha), programu ikapita kimya, nikakesha nikisaka kosa. Ni donda lile lile la lugha ya C tangu miaka ya 1970.

`as` inasomeka vizuri mno, iliniuma kuiacha. Lakini kwenye lugha ya Python, `with f() as x` humpa x matokeo ya `__enter__()`, yaani kazi inayoitwa `with` inapoanza, si ya `f()` yenyewe. Sura moja, maana mbili. Na waundaji wa Python waliikataa kwa hilo.

Basi nimefuata `:=` ya Python 3.8 (2019):

`while (mstari := soma()) != "":`

Awali niliita `soma()` mara mbili, juu ya kitanzi (sehemu ya `while` inayojirudia) na ndani yake. Mabano nimeyafanya ya lazima, maana bila hayo `mstari` hubeba jibu la ulinganisho, kweli au si kweli, badala ya maandishi. Aliyenitahadharisha hilo, asante sana mkuu, umeniokoa.

Kwa sasa jina linabaki hai hata kitanzi kikiisha.