Kuhema haraka kabla ya kuzamia: damu inajaa oksijeni kweli?

Kaskazi_Makangale
Assalaam alaykum. Vijana wanaozamia pweza na majongoo huku Pemba wana mtindo wa kuhema mfululizo, pumzi 20 au 30 za haraka, ndipo wakazama. Wanadai damu inajaa oksijeni. Na kweli chini wanakaa zaidi, ila wapo wanaoibuka wakazimia pale pale. Ikiwa damu imejaa, kuzimia kunatoka wapi?

Maalim_Bayolojia
Waalaykum salaam. Damu haijai, kwa sababu ilikwishajaa. Gramu moja ya himoglobini, protini ya seli nyekundu inayobeba oksijeni, hushika mililita 1.34 za oksijeni. Mwenye gramu 150 kwa lita anabeba kama mililita 200 katika kila lita ya damu. Naye akiwa ametulia tu, himoglobini yake imeshajaa asilimia 97 au 98. Aheme atakavyo, ataongeza hizo mbili tatu zilizobaki. Oksijeni iliyoyeyuka kwenye plazma, yaani majimaji ya damu, ni mililita 3 tu kwa lita, haina uzito.

Kinachobadilika ni kabonidioksidi, hewa tunayoitoa tukipumua, ambayo safari yake ni nyengine kabisa. Kama asilimia 70 huingia seli nyekundu, kimeng'enya kikaiunganisha na maji ikawa asidi ya kaboni, na asidi hiyo huvunjika papo hapo kuwa bikaboneti na haidrojeni. Bikaboneti hutoka kwenda kwenye plazma, kloridi ikaingia kushika nafasi yake. Kama asilimia 20 hushikana na himoglobini yenyewe, lakini si pale penye chuma panaposhika oksijeni, kwa hiyo hazigombanii kiti kimoja. Iliyobaki huyeyuka tu. Mapafuni mambo hugeuka kinyume na gesi ikatoka.

Anayehema sana huitoa kwa kasi kuliko mwili unavyoizalisha. Shinikizo lake kwenye damu, kawaida milimita 40 za zebaki, linaweza kushuka hadi 20 hivi. Na kinachomlazimisha mtu avute pumzi hasa ni kabonidioksidi kupanda, si oksijeni kupungua. Akianzia chini hivyo, hamu ya pumzi inachelewa, na huku oksijeni inaliwa vile vile: mililita 250 kwa dakika kwa aliyelala, na zaidi sana kwa anayepiga miguu. Inamwishia kabla hajahisi chochote.

Pima_Tano
Niongeze kwa nini wanazimia juu, si chini. Kwenye mita 10, yaani pima tano na nusu, shinikizo ni mara mbili ya la juu ya maji, kwa hiyo hata oksijeni kidogo iliyobaki mapafuni bado inasukumwa kwenye damu. Akipanda, shinikizo linashuka nusu, na mapafu yanaweza hata kuinyonya oksijeni kutoka kwenye damu. Hata akishavuta pumzi ya kwanza juu, damu yenye hewa mpya inachukua sekunde kadhaa kufika ubongoni.

Kaskazi_Makangale
Ahsanteni. Na ganzi ya vidole na kizunguzungu wanavyovisikia kabla ya kuzama? Wao wanasema ndiyo dalili wako tayari.

Maalim_Bayolojia
Hiyo ni dalili ya kuacha. Kabonidioksidi ikipungua, mishipa ya ubongo husinyaa, na himoglobini huing'ang'ania oksijeni isiiachie kwenye misuli.

Pima_Tano
Apumue kawaida, avute moja kubwa ya mwisho, basi. Akiibuka apumzike angalau mara mbili ya muda aliokaa chini. Wazamie wawili kwa zamu, na aliye juu asimwache mwenzake mpaka nusu dakika ipite baada ya kuibuka.

Akizimia: mgeuze uso juu, pua na mdomo nje ya maji, mvue miwani, mfungue mkanda wa uzito, mpulizie usoni, mwite jina. Wengi huzinduka hapo. Asipopumua, mpe pumzi 5 za mdomo kwa mdomo. Akitolewa majini bado hapumui, mkandamize kifua mara 30 kwa pumzi 2, bila kusita. Msimning'inize kichwa chini ati maji yatoke, mnapoteza dakika. Na akizinduka bado apelekwe hospitali, maana aliyevuta maji anaweza kubanwa na kifua saa kadhaa baadaye.