Wanazi waandamane mjini kwetu, halafu sisi tuambiwe "wapuuzeni"?

Wakuu, nimechoka na hili neno "wapuuzeni". Kila wabaguzi wa kizungu wakiandamana katika mji wowote wa Marekani, humu ndani mnakimbilia kusema ni wachache, watachoka, msiwape kiki. Leo mnisikilize.

Tarehe 1 Aprili 2023, wanaume wa NSC-131, kundi la Wanazi mamboleo, walipita katikati ya Portland, jimbo la Maine, nyuso wamezifunika. Mbele ya jengo la halmashauri ya jiji wakapigana na watu waliojitokeza kuwapinga. Siku ile polisi hawakukamata hata mmoja. Hata mmoja! Mnaniambia Katiba inalinda maandamano. Sawa, inalinda kutembea na kupiga kelele. Ngumi hailindwi na katiba yoyote.

Na mnajua Portland wanakaa akina nani? Mwaka 2019 waomba hifadhi zaidi ya 400, wengi wao kutoka Kongo na Angola, walilazwa kwenye ukumbi wa michezo wa Expo, na michango ya watu ikapita dola 900,000. Hilo nalishukuru hadi leo. Lakini mwomba hifadhi hapewi kibali cha kazi mpaka siku 180 zipite tangu apeleke maombi. Hana gari, yuko kituoni anasubiri basi na watoto. Huyo ndiye mnamwambia apuuze! Akisukumwa hathubutu hata kupiga simu polisi, anahofia faili lake.

Na hao "wachache" huua. Charlottesville, jimbo la Virginia, 12 Agosti 2017, mmoja wao aliendesha gari likaingia katikati ya wapinzani wao, Heather Heyer akafa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba Maine ilishaonyesha inavyofanywa. Lewiston, chini ya saa moja kutoka Portland, mwaka 2002 meya aliwaandikia Wasomali barua awaombe wapunguze ndugu zao kuja. Wabaguzi wakanusa upenyo, wakaitisha mkutano Januari 2003. Wakaja watu wachache wasiojaza ukumbi. Siku hiyohiyo karibu watu 4,000 walikusanyika chuo cha Bates kusimama na Wasomali, gavana Baldacci akiwemo. Meya mwenyewe alikuwa likizo Florida.

Watu 4,000, Januari, kwenye baridi ile ya Maine! Hawakupuuza.

Sasa sisi? Magrupu yetu ya WhatsApp yanajaa "kaeni ndani, msitoke, si vita yenu". Ni vita ya nani basi, kama sisi ndio wanaotutaka tuondoke? Simwambii mama mwenye kesi mahakamani aende kupambana barabarani. Nawasema wenye uraia, wenye kura, wachungaji na maimamu, wenyeviti wa jumuiya mnaopigiana kampeni kila uchaguzi wa chama. Mnaweza kuingia kikao cha halmashauri mkauliza kwa nini hakuna aliyekamatwa.

Mlioko Portland, Lewiston, Columbus, popote walipopita: viongozi wenu walifanya nini? Andikeni hapa, msinifuate inbox.