Tupeane uzoefu: kivumishi cha Kiingereza kilichowahi kukuumbua

Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam. Leo nataka tuchekane kidogo. Nazungumzia vile vivumishi vizito vya Kiingereza unavyovichota kwenye kamusi ya visawe ukidhani unaipamba sentensi, kumbe unajichimbia kaburi. Naanza mimi.

Nilipokuwa namaliza chuo nilimwandikia barua ya shukrani mwalimu aliyesimamia utafiti wangu. "Excellent" nikaona limechuja, kila mtu analo. Nikafungua kamusi moja kuukuu, nikakuta "egregious": aliyewapita wenzake kwa ubora. Pembeni kulikuwa na kifupisho cha herufi ndogo ndogo, sikujali. Nikaandika kwa mbwembwe kwamba yeye ni "an egregious teacher". Jibu likaja, mstari mmoja tu: naamini hukukusudia ulichoandika.

Nikarudi mbio kwenye zile herufi ndogo. Zilikuwa zinasema maana hiyo ni ya kale, imeshakufa. Asili yake ni Kilatini, "nje ya kundi", yaani kundi lile la mifugo, na karne ya 16 lilikuwa neno la sifa kweli. Siku hizi anayetoka nje ya kundi kwa neno hilo ametoka kwa ubaya: kosa la kutisha, uongo usio na haya. Kwa hiyo mwalimu wangu nilimshukuru kwa kuwa mbovu kupindukia.

Haya, leteni yenu.

Kalamu Butu

Pole mkuu, ila nimecheka hadi machozi.

Mimi nilikuwa mkalimani kwenye kikao. Mzungumzaji akamsifu mhasibu wake kwamba anajua kubana matumizi. Kichwani nilikuwa na orodha niliyoikariri usiku: thrifty, frugal, economical, stingy. Mdomoni likatangulia "stingy". Wageni wakamtazama mhasibu, mhasibu (Kiingereza anakijua vizuri tu) akanitazama mimi. Mtu anasifiwa, mimi namtangaza mkono wa birika mbele za watu!

Tangu siku hiyo siandiki visawe kwa mstari mmoja, naviandika kama ngazi. Juu kabisa "thrifty", hiyo ni sifa, mtu anatumia kwa akili. Chini yake "frugal", anaishi kwa kidogo na haoni shida. Halafu "parsimonious", ambayo naiita ubahili uliovaa suti, maana utaikuta kwenye maandishi rasmi. Kisha "stingy", mchoyo. Mwisho "miserly", huyo anajinyima hata yeye mwenyewe huku fedha kazilalia.

Mzee wa Irabu

Vijana, kamusi ya visawe mnaionea bure. Ile maarufu ya Roget ilitoka London mwaka 1852, na mwenyewe alikuwa daktari. Aliyapanga maneno kwa mawazo, yanayokaribiana akayaweka pamoja, na hakueleza maana ya neno hata moja. Ilimfaa mtu anayelijua neno ila limemponyoka, liko kwenye ncha ya ulimi. Wewe unaingia humo kutafuta neno usilolijua, unatoka na lolote.

Kilichonisaidia mimi ni kujua kwa nini Kiingereza kina visawe vingi hivyo. Baada ya Wanormani, watu kutoka kaskazini mwa Ufaransa, kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa, na wasomi nao wakawa wanachota moja kwa moja kwenye Kilatini. Ndiyo maana kwa "-a kifalme" una "kingly" la wenyeji, "royal" la Kifaransa na "regal" la Kilatini. Familia ya mfalme ni "royal", basi. "Regal" ni ule mwendo na mkao, hata mtu asiye na taji anaweza kuwa nao.

Na msijifanye mnashangaa, Kiswahili kinafanya yaleyale. "Zuri" na "jamili" ni visawe, lakini nani kati yenu ameshawahi kusema ana simu jamili?

Mpita Njia

Mimi najua good, very good na very very good. Hakuna mwalimu aliyewahi kunijibu barua ya namna hiyo.

Nakala Safi

@Mpita Njia 😂 ungefika mbali kuliko mimi. Nilijiandaa na mtihani wa IELTS, ule wa kupima Kiingereza. Kwenye kuandika kuna vigezo vinne, na msamiati pekee una robo ya alama, basi nikaona hapo ndipo pa kuvunia. Kila "big" nikaifuta, nikaweka "gargantuan". Tatizo gargantuan, jiji gargantuan, hata tofauti gargantuan. Alama za kuandika zikaja chini kuliko za kusoma, kusikiliza na kuongea. Rafiki yangu anayefundisha aliposoma insha zangu za mazoezi akasema ni kama mtu aliyevaa joho la harusi kwenda kuchota maji. Baadaye ndipo niliposoma vile vigezo vizuri, nikaona wanaangalia pia kama neno linakaa vizuri na jirani yake.

Binti Kamusi

Hapo kwa jirani ndipo mimi nilipoumbuka. Niliandika "hefty rain" kwenye ripoti nikikwepa kurudia "heavy". Bosi akazungushia wino mwekundu, akaandika: mvua hii imetozwa na nani? Kumbe "hefty" huenda na faini, bili, au mtu mwenye mwili wake. Mvua ni "heavy", na ukitaka kuikuza zaidi ni "torrential". Sasa daftari langu halina neno lililokaa peke yake, kila kivumishi nakiandika pamoja na nomino niliyokikuta nayo.

Ila kuna jozi moja bado inanisumbua: "ingenious" na "ingenuous". Moja ni mbunifu, nyingine ni mtu asiye na hila, na kila nikitaka kuandika lazima nifungue daftari kwanza. Mwenye mbinu ya kuzitenganisha anisaidie, kesho nina barua ya kumsifu mtu.

Mwanzisha uzi

@Binti Kamusi kesho mwandikie "clever", tuma, ulale.