Mwongozaji wa baiskeli za milimani: chumba na pasi ya lifti ni mshahara?

Mleta mada:

Wakuu, naomba tulijadili hili kwa uzito wake. Kila majira ya joto, vituo vya mapumziko ambavyo wakati wa baridi huishi kwa watelezaji wa theluji hufungua lifti zao za kupandia mlimani kwa waendesha baiskeli. Portes du Soleil, mpakani mwa Ufaransa na Uswisi, na Whistler kule Kanada ni miongoni mwa vinavyojulikana sana. Mgeni anapanda na lifti, anashuka na mwongozaji. Mwongozaji huyo, mara nyingi kijana, huambiwa siku ya kusaini mkataba: pesa ni kidogo, lakini chumba bure, chakula bure, pasi ya lifti msimu mzima bure. Je, huo ni mshahara?

Mimi nasema siyo. Nimeifanya kazi hiyo msimu mmoja.

Mgeni anaona saa chache za kuteremka mlima. Haoni kilichotangulia. Asubuhi na mapema unakagua baiskeli za kukodi: unaminya breki uone kama wenzo unafika hadi kwenye usukani, unachungulia pedi zimebaki unene gani, unazungusha gurudumu usikilize kama diski inakwaruza, unakaza ekseli. Ukifika juu unawapima wageni kwa macho. Wote wamejiandika wazoefu, lakini kuna mmoja anang'ang'ania breki kwa vidole vyote na kukaa kitako kwenye siti wakati njia inainama. Huyo humpeleki njia nyekundu, ambayo ni ngumu, sembuse nyeusi, ngumu kuliko zote. (Na anayetoka Amerika Kaskazini mweleze vizuri, maana kwao baada ya bluu inakuja nyeusi, nyekundu hawajaizoea.) Kila njia panda unasimama, unahesabu helmeti. Ikipungua moja, unalaza baiskeli pembeni na kurudi mlimani kwa miguu, moyo unakudunda. Jioni wageni wanaoga, wewe unaosha matope na kubadilisha pedi.

Saa hizo za asubuhi na jioni hazikuandikwa popote. Baiskeli yenyewe ilikuwa yangu, na kwenye matope ya mlimani pedi mpya huisha upesi kuliko mtu anavyodhani. Tairi, cheni, seali za shokapu, vyote kwa pesa ile ile kidogo.

Linaloniuma zaidi ni chumba. Mwenzetu alianguka kazini akavunjika mtulinga, jeraha la kawaida kabisa kwa waendesha baiskeli. Kabla hajazoea hata kulala na mkono umefungwa, akaambiwa aachie kitanda kwa sababu mbadala wake anakuja. Alipoteza kazi na pa kulala kwa pamoja.

Mchangiaji wa kwanza:

Mkuu, pole kwa yaliyomkuta mwenzenu, hapo sina utetezi. Lakini nimewahi kuendesha kampuni ndogo ya aina hiyo, acha niseme ya upande wa pili. Msimu ni miezi michache tu. Radi zikianza, lifti inasimamishwa na mgeni anadai chake. Nyumba ya kulaza wafanyakazi nimeilipia, wawepo wageni wasiwepo. Ukinilipisha kila dakika ya kukaza nati, nitapunguza waongozaji na kundi la watu sita litakuwa la kumi. Hapo usalama umeongezeka? Na vijana wanakuja kuomba wenyewe, wengi kuliko nafasi zilizopo.

Mchangiaji wa pili:

Mnazunguka mbuyu. Tatizo ni kuajiri watu wasio na sifa. Ufaransa, sheria ya michezo kifungu L212-1 inataka anayefundisha au kuongoza mchezo kwa malipo awe na stashahada inayotambuliwa. Mwenye cheti anajua bei yake, hababaishwi na chumba cha vitanda vya deka. Kila nchi ifanye hivyo na mjadala uishe.

Mleta mada:

Ndugu yangu wa pili, cheti nakiunga mkono, kwa ajili ya mgeni hasa. Ila cheti hakimwandikii mtu saa za karakana kwenye mkataba.

Mkuu wa kwanza, nashukuru kwa kusema wazi. Tazama Uingereza: katika hesabu ya kima cha chini cha mshahara, mwajiri anaruhusiwa kuhesabu malazi peke yake, tena kwa kiwango kilichowekewa ukomo. Chakula hakihesabiwi, pasi ya lifti vilevile. Na kifaa ambacho mfanyakazi analazimika kukinunua kwa ajili ya kazi hukatwa kwenye hesabu, yaani pedi zangu zingekuwa mzigo wa mwajiri iwapo zinanishusha chini ya kima hicho. Umoja wa Ulaya nao, kwa agizo la mwaka 2003, umeweka wastani usiozidi saa 48 kwa wiki na mapumziko ya saa 11 mfululizo kila siku. Kumwoshea mgeni baiskeli saa mbili usiku ni kazi, iingie humo.

Kuhusu kundi la kumi: unanipa chaguo mbili wakati ya tatu ipo, kupandisha bei ya mgeni. Anayelipia nyumba, lifti na baiskeli ya kukodi hatashindwa kuongeza kidogo kwa mtu anayemshusha salama. Na kweli tunaomba wenyewe. Mimi niliomba kwa furaha na kazi niliipenda, lakini mapenzi hayo hayakununua cheni.

Kwa hiyo nakuuliza wewe uliyewahi kuwa mwajiri, na wengine wenye uzoefu: saa za ukaguzi na karakana zilipwe, vipuri vya baiskeli ya mwongozaji viwe vya kampuni, na aliyeumia kazini abaki na kitanda chake hadi daktari amruhusu kusafiri. Katika haya matatu, lipi usingeweza kulibeba, na kwa nini?