Mnaotuuzia zana za kutafutia nyaraka za API, kuandika maelezo ya zana mnakatwa kodi?

Wakuu, nimevumilia weee, leo imetosha. Kuna kampuni moja, jina naliacha mods wasije wakafuta uzi, inatuuzia seva ya MCP (kiwango cha kuunganisha modeli za AI na zana za nje) ya kutafutia nyaraka za API ya malipo kwa simu, yaani njia ambayo programu yako inazungumza na mfumo wa malipo. Tunalipia kila mwezi, tena kwa dola. Tangazo linasema unaiunganisha na ajenti wako wa AI (modeli inayotumia zana na kufanya kazi yenyewe), naye anajitafutia mwenyewe namna ya kutuma ombi la malipo, anasoma, anaandika msimbo, wewe unakunywa chai. Haya, angalieni hiyo zana ilivyoelezwa. Jina: search_docs. Maelezo: hutafuta nyaraka. Nukta. Parameta, yaani thamani ambazo zana inapokea, ya kwanza q, ya pili v, na hakuna hata neno moja la kusema ni za nini.

Jamani, modeli haioni msimbo wenu uliojificha kwenye seva. Inachoona ni jina la zana, maelezo, na skima ya JSON (muundo ulioandikwa) inayotaja parameta, kwisha. Ndivyo MCP ilivyo tangu itangazwe Novemba 2024, na function calling (njia ya modeli kuita zana) ya OpenAI ya Juni 2023 ilikuwa hivyohivyo. Najua kwenye MCP maelezo si ya lazima, na hapo ndipo wavivu walipopata kichaka. Ukiyaacha matupu zana inasajiliwa vizuri tu. Itakayohangaika ni modeli, na wa kulipia tokeni (vipande vya maandishi vinavyohesabiwa kwenye bili) za kuhangaika ni mimi.

Twende kwenye v, ambayo kumbe ni toleo la API. Ajenti wetu alikisia, kama ambavyo yeyote kati yetu angekisia, akatuma "latest". Seva kimya. Haikukataa, haikusema thamani hiyo haipo, ikamrudishia kurasa za toleo la kwanza kana kwamba ndizo alizoomba. Toleo la kwanza linapokea namba ya simu inayoanza na 0. La pili linataka 255 mbele, bila alama ya kujumlisha. Ajenti akaandika msimbo safi kabisa wa toleo lililopitwa na wakati, kila ombi likarudi na kosa, na mteja yuko kwenye simu anafoka kwamba duka lake halipokei pesa. Hicho kitu kwenye JSON Schema kinaisha kwa mstari mmoja: unaweka enum (orodha ya thamani zinazoruhusiwa) yenye "v1" na "v2", modeli inakosa pa kukisia. Mstari mmoja, wakuu!

Bado. Dogo wa ofisini akamwambia ajenti atafute jinsi ya kumrudishia mteja pesa muamala ukikosewa. Ajenti akatuma swali zima kama lilivyo. Kumbe zana inalinganisha maneno tu, maana ya sentensi haiijui, na hakuna mahali palipoandikwa hivyo. Jibu likarudi mabano matupu: []. Ajenti akahitimisha kwamba API haina huduma hiyo, kisha akajitungia njia yake, /refunds, na majaribio akayaandika juu yake. Ukurasa upo! Unaitwa reversal, ukiandika neno hilo peke yake unatokea wa kwanza. Seva ingekufa kama ingejibu "hakuna kilicholingana, jaribu neno moja au mawili, au omba orodha ya kurasa"? Ajenti anausoma ujumbe wa kukosa kama anavyosoma kila kitu kingine.

Nikawaandikia. Wakanijibu nitumie modeli kubwa zaidi. Yaani mtu anakuuzia rimoti isiyo na maandishi kwenye vitufe, ukilalamika anakwambia kanunue miwani.

Basi nikaweka proksi ndogo (programu ya kupitishia maombi) katikati ya ajenti na seva, nikabadilisha maelezo tu, seva yao ileile, modeli yetu ileile ndogo. Someni wenyewe:

"Hutafuta kurasa za nyaraka za API ya malipo kwa maneno muhimu, si kwa sentensi. Tuma neno 1 hadi 3. Hurudisha vichwa vya kurasa na vitambulisho vyake. Ukitaka ukurasa mzima, peleka kitambulisho kwa get_page. Haina taarifa za bei wala za akaunti ya mteja. v ni v1 au v2; kama mtumiaji hakutaja, tumia v2. Jibu tupu halimaanishi huduma haipo."

Ni hayo tu. Ajenti ameacha kutunga, anatafuta, anafungua ukurasa, anaandika. Kazi ya kalamu na akili kidogo, ambayo wao na timu yao nzima imewashinda.

Na nyie wa upande wa pili msicheke. Nimeona zana nyingine imeandikwa kwa herufi kubwa "LAZIMA ITUMIKE KWANZA KILA MARA", ikifuatiwa na aya nzima za kujisifu. Maelezo yote hayo kwa kawaida yanaingia kwenye muktadha wa modeli, yaani maandishi inayoyasoma, kila mazungumzo yanapoanza, yanalipiwa, na ajenti anaikimbilia hiyo zana hata ukimwomba akusahihishie barua.

Kama kuna mhusika anapita humu, ajibu hapahapa hadharani, sitaki PM. Kwenye orodha yenu kuna zana nyingine inaitwa query_docs, nayo maelezo yake ni "hutafuta nyaraka". Hiyo ni ya nini?